Gauni la Tatu

Nimechoka, jamani. Wiki tatu nzima nimekuwa nikiunganisha malipo ya kadi kwenye tovuti ya shangazi, fundi cherehani aliyenilea. Ruby yenyewe, lugha ya kuandikia programu, nimejifunza kwa ada aliyoilipa yeye, na bado imenitoa jasho. Daktari ameshamwonya kuhusu macho yake. Nilitaka apate wateja bila kuhangaika. Jumatatu nikamtangazia kwa mbwembwe:

"Kazi imekwisha! Mteja akilipa, karatasi ya oda inatoka hapo kwenye printa. Wewe shona tu."

"Nishone tu?"

"Shona, shangazi. Usiulize."

Leo Ijumaa asubuhi nimepita kumsalimia. Nimemkuta amepakata kitambaa cha buluu, macho mekundu, vidole viwili vina plasta. Ukutani yananing'inia magauni mawili ya buluu, shingo ile ile, vifungo ishirini na vinne kila moja.

"Haya yote ya nani?"

"Ya mama mmoja. Kaagiza matatu, hili ndilo la mwisho." Akanipa karatasi tatu. Zote zina namba moja ya oda.

Nikafungua kompyuta palepale, kati ya mkasi na chaki. Kampuni ya malipo ikishapokea hela hututumia taarifa, na isipojibiwa upesi huituma tena. Programu yangu, zembe kama mwenyewe, ilikuwa inatoa karatasi kwanza, inahangaika na barua pepe ya shukrani, ndipo ijibu. Taarifa ikirudi, inaidhania oda mpya. Mstari mmoja ungetosha: namba hii imeshafika? Basi, nyamaza. Sikuuandika, eti nina haraka. Na "haraka haraka haina baraka" nimeisikia kwake huyu huyu tangu sijui kufunga viatu!

Nikauandika. Dakika nne tu. Nilijisonya mwenyewe.

"Nisamehe, shangazi. Mteja aliagiza moja. Hayo mengine ni makosa yangu, na kitambaa nitalipa. Lakini kwa nini hukunipigia hata simu?"

Akachomeka sindano kwenye kifuko chake, akafumba macho kidogo.

"Si uliniambia nisiulize?" Akalitazama gauni mapajani, halafu akasema polepole, "Na tena, mwanangu, miaka yote hii hakuna aliyewahi kuniagiza nguo moja mara tatu. Nilidhani amelipenda."