Maziwa Ndani ya Waya

Baiskeli ilikuwa imegeuzwa kichwa chini uani, na mume wangu Clemence ameiinamia kwa mkono mmoja. Ule mwingine ulikuwa umefungwa kifuani kwa kanga yangu. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa narudi kutoka mjini kwa miguu, dumu la maziwa kichwani likiwa zito vilevile. Shingo ilikuwa imekufa ganzi tangu bondeni.

"Umerudi nayo?"

"Scholastica wa mgahawani kayakataa. Chai keshaipika kwa maziwa ya wengine. Kasema kesho nikichelewa tena, nisihangaike kurudi kwake."

Clemence akaiinamia tena baiskeli. Tangu alipoanguka kwenye kona ya Irente akimkwepa mbuzi, maziwa yote yakimmwagikia yeye na baiskeli, mimi ndiye punda wa nyumba hii. Njia yetu inashuka bondeni, kisha inapanda mlima mzima kabla hujauona mji. Bila gia nyepesi hupandi, unasukuma tu, na anayesukuma hufika watu wameshakunywa chai. Hilo nalijua. Lakini bega la mume wangu nalijua pia. Mfupa haujaunga, naye usiku anaota barabara.

"Mama Lucy, njoo unishikie hapa."

"Jamani! Hata maji sijanywa."

"Kunywa, halafu njoo."

Nikanywa, nikaenda. Sikio la chuma linaloshikilia kile kifaa cha nyuma cha kuhamisha cheni lilikuwa limepinda hadi karibu na spoku. Clemence alikuwa ameshakifungua kifaa chenyewe na kuazima gurudumu kwa jirani. Akanielekeza nikaze ekseli yake kwenye tundu la lile sikio, magurudumu mawili yakakaa ubavu kwa ubavu. Upande mmoja yaliachana kwa upana wa kiganja, upande wa pili yalikaribia kugusana.

"Vuta hilo la nje, mpaka nafasi iwe sawa kote. Taratibu. Sikio likikatika, basi tena."

Nikavuta, yeye akichungulia kwa jicho moja. "Bado. Bado kidogo. Hapo!" Nilihisi chuma kikinilegea mikononi, kama ng'ombe aliyekubali kukamuliwa.

Tukakirudisha kile kifaa mahali pake, akaniambia nizungushe pedeli. Mikono yangu iliikumbuka. Kwetu Korogwe, kabla sijaolewa, nilikuwa naendesha baiskeli ya baba mpaka shambani. Huku mlimani mama mkwe aliniambia haipendezi, nami nikaacha.

Clemence akabonyeza kitufe cha gia kwa kidole gumba. Kitufe kikagoma. Cheni ikabaki kwenye gia ndogo, ile ngumu. Akabonyeza tena mpaka uso ukamkunjamana kwa maumivu.

"Springi imekufa," akasema, akaketi chini. "Tumejichosha bure."

Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi. Maana pale nilipoinama harufu ilinifikia puani, kali, ya maziwa yaliyochacha, nami nikajua kabisa kilichoharibika si springi. Nikanyamaza. Heri shingo yangu ivunjike kuliko kumzika mtu mzima kwa ajili ya dumu la maziwa.

Akajishika bega. Kisha akasema, "Basi kesho nitapanda hivyohivyo."

"Kwa mkono mmoja?"

"Tutakula nini, Mama Lucy?"

Alivyosema, hakuwa anabishana nami. Alikuwa amechoka, na mimi nilikuwa nimechoka, na kunyamaza kwangu hakukumlinda.

"Ni maziwa," nikasema. "Yameingia kwenye mrija wa waya wa gia, yakagandia humo. Hunusi?"

Akanitazama kama mtu aliyeamshwa. Tukauchomoa waya, ukatoka na ukoko wa njano, unanuka. Nikachemsha maji, nikausafisha mrija, nikautia mafuta ya cherehani. Safari hii kitufe kilipobonyezwa cheni ilipanda jino kwa jino, ikatulia juu ya gia kubwa. Clemence akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu aanguke.

"Kesho alfajiri, basi," akasema.

"Kesho alfajiri," nikaitikia.

Nikaigeuza baiskeli, ikasimama kwa magurudumu yake. Nikaokota spana, nikamwekea kiganjani.

"Shusha kiti."

Tabasamu likamfutika usoni. Akalitazama dumu, akaitazama barabara, kisha akanitazama mimi kuanzia miguuni, kama vile ndiyo kwanza tunakutana.

"Mpaka wapi?"

Nikasimama ubavuni mwa baiskeli, nikaweka mkono kwenye nyonga.

"Hapa."

Akapiga magoti, akaanza kulegeza nati.