Kiatu Chini ya Gari

Harufu ya mpira unaoungua ilianza pale barabara ya Kharga inapoanza kupanda kuelekea Asyut, na Hajja Fikriya akamwomba Mungu mwanawe asiisikie. Dua hiyo haikwenda mbali.

"Mama, unasikia harufu?" aliuliza Rifaat akiwa kwenye usukani.

"Jangwa hilo. Endesha."

"Jangwa gani linanuka mpira?"

Nagwa, mkewe Rifaat, alikuwa amelaza kichwa kwenye mapaja ya mama mkwe. Mimba ya miezi minane, ya tatu. Mbili za kwanza zilitoka. Tangu alfajiri mtoto hakuwa amecheza. Daktari wa Kharga alilisikiliza tumbo, akakunja uso, akasema waende Asyut sasa hivi, wasingoje gari la wagonjwa.

Rifaat alifungua madirisha. Harufu haikupungua. Kila gari lilipojikaza kupanda, ilirudi nzito na kukwaruza koo. Akaegesha kando bila kuzima injini, maana betri ilikuwa mbovu na kuwaka tena ni bahati.

Aligusa rimu moja moja kwa mgongo wa mkono, kwa kuwa breki ikigandia, rimu yake huwa ya moto kuliko nyingine. Zote zilikuwa sawa. Breki ya mkono ilikuwa chini. Akafungua boneti, akautazama mkanda wa feni: haukulegea wala kuchanika. Mipira ya maji nayo ilikuwa mizima.

Hajja alimwangalia kupitia kioo. Alijua. Jana alasiri, Rifaat akiwa msikitini, yeye na umri wake alitambaa kwa tumbo chini ya gari hilo, akafunga kwa waya kiatu cha mtoto, kinga ya kijicho. Marehemu mumewe Bayumi aliendesha lori maisha yake yote na kiatu hichohicho kikining'inia chini nyuma, na lori halikupata hata mkwaruzo. Sasa kuna gari jipya, japo la mtumba, na kuna tumbo, na watu wana macho. Hasidi hana sababu. Lakini Rifaat alikwisha kung'oa shanga za buluu alizomwekea, akaapa kwamba akikuta tena kitu kinaning'inia, Hajja hatapanda gari lake maisha.

Rifaat alirudi, uso umempauka. "Itakuwa klachi. Tukiilazimisha itatufia hapa kilimani. Bora tuzime ipoe, tungoje lori la kutuvuta."

"Mpaka saa ngapi?" Nagwa alinong'ona.

"Sijui, mpenzi." Mkono wake ulikuwa tayari kwenye ufunguo.

Mficha uchi hazai, husema watu, na hapa wa kuzaa hakuwa hata yeye mwenye kuficha.

"Usizime!" Hajja alipiga kelele. "Si klachi. Tazama chini, huku nyuma. Kuna kiatu."

"Kiatu cha nani?"

"Chako. Ulipokuwa mdogo."

Rifaat aligeuka taratibu. "Mama. Si nilikwambia? Wallahi, si nilikwambia?"

"Nitukane ukiwa huko chini! Nenda!"

Akaingia chini na kisu. Hajja naye akashuka, akapiga magoti kwenye kokoto. Kiatu, raba tupu, kilikuwa kimeyeyukia bomba la moshi, kikitoa uji mweusi.

"Lori la baba lilikuwa juu, Mama! Kigari hiki tumbo linagusa lami! Na waya huu umeufunga kwenye nini?"

"Kijibomba. Ndicho kilichokuwa karibu."

"Hicho ni cha petroli!"

Alipotamka neno hilo, ukanda wa kiatu ukashika moto, mwali mdogo wa rangi ya chungwa. "Zima injini! Mtoe Nagwa!" Hajja alizungusha ufunguo, akamkamata mkwewe kwapani, akamburuta, wote wawili wakaangukia mchangani. Nyuma yao Rifaat alikuwa akirusha mchanga kwa viganja vyote viwili, akikohoa, akitukana, akimtaja Mungu. Kisha moto ukazimika.

Alitoka na vidole vimebabuka. Alikipangusa kijibomba kwa kitambaa, akakinusa kitambaa, akakipangusa tena. Hakikuwa kinavuja.

"Pandeni," alisema.

Ufunguo ulizungushwa na injini ikakohoa. Ukazungushwa tena, ikakohoa tena. Hajja alifumba macho. Mara ya tatu ikawaka.

Gari likapanda mpaka juu ya kilima. Harufu ilikwisha, ila hofu ya Hajja ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Kama mtoto huyu atapotea, alifikiri, hakupotezwa na hasidi wa nje. Ni mimi bibi yake, na waya wangu. Alilia kimyakimya, machozi yakidondokea nywele za Nagwa.

Nagwa aliukamata mkono wa mama mkwe uliojaa mchanga, akaubandika tumboni, akaukandamiza. Hapakuwa na kitu. Hapakuwa na kitu. Halafu kisigino kidogo kikagonga kiganja, kikagonga tena kwa hasira.

Hajja alipaza sauti, na gari likayumba.

"Nini tena? Harufu?" Rifaat alimaka.

"Endesha, wewe!" Hajja alisema, akicheka na kulia kwa pamoja. "Mwanao ananipiga mateke, na ana haki."