Restuta Yumo Kifuani

Bibi Hilda wa Mvumi alikuwa na ugomvi wa miaka kumi na tisa na wifi yake Restuta, na chanzo kilikuwa ngoma. Wanawake wa Kigogo wanaopiga muheme huibana ngoma katikati ya mapaja, na kiongozi wao hupiga huku macho yake yakiwa miguuni mwa wachezaji. Wakichoka, anapunguza, wakichangamka, anapandisha. Restuta hakuwa na habari hiyo. Alipiga kama anayetwanga uwele wa msiba, hasikii haoni, hata siku mama mchungaji alipoanguka katikati ya uwanja, yeye aliendelea tu. Ndipo Hilda akamnyang'anya uongozi mbele za watu.

Sasa harusi ya Gladness, mjukuu wake Hilda, ilikuwa wiki mbili mbele, na bibi mwenyewe hakuweza kutoka jikoni mpaka bombani bila kusimama mara tatu. Miaka arobaini ya kupikia kwenye mafiga, ndani ya jiko lisilo na dirisha, ilimwachia kikohozi na kifua kinachopiga mluzi. Restuta alishaanza kupitapita uani.

"Wifi, hiyo ngoma niachie niizoee."

"Kazoee ya kwako."

"Mwenzangu unahema kama jogoo aliyekimbizwa kwa ajili ya wageni!"

"Jogoo huyo akikamatwa, wewe hupati hata shingo."

Hilda akaenda hospitali kutafuta ruhusa ya kupiga ngoma. Daktari Anisa alimwamkia shikamoo, akamlaza, akambandika nyaya kifuani.

"Vuta pumzi taratibu, bibi. Sasa toa. Tena."

Mashine ikatema karatasi. Hilda akavaa miwani yake, ile yenye uzi mweusi badala ya mkono mmoja, akaichungulia. Vilima vidogo vimepangana kwa umbali uleule, kama mahindi yaliyopandwa kwa kamba.

"Umeona mapigo hayo? Hakuna hata moja lililoteleza! Niandikie nikapige ngoma."

"Bibi, huko kunyooka ndiko kunakonitia wasiwasi. Moyo wenye afya huifuata pumzi. Ukivuta, unaharakisha kidogo, ukitoa, unapunguza. Iko mishipa ya fahamu inayouhimiza, na iko inayoutuliza. Mapafu yakiugua miaka mingi, ile ya kuhimiza hailali, na ile ya kutuliza inalegea. Kwa hiyo moyo wako unakwenda mbio hata ukiwa umejilaza, na pumzi hauisikilizi."

Hilda akainuka na nyaya zake.

"Yaani hautazami wachezaji?"

"Wachezaji gani, bibi?"

"Mtu akichoka, haupunguzi? Akianguka, unaendelea tu?"

"Naam, unaweza kusema hivyo."

"Mama yangu, nimekwisha! Restuta yumo kifuani mwangu!"

Daktari alipoeleweshwa alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akampa dawa ya kuvuta kwa mdomo na masharti: jiko lihamie nje, atembee kila siku akiongeza hatua kidogo kidogo, na pumzi aitoe polepole kwa midomo iliyobanwa, kama anayepuliza uji wa moto. Ngoma? Apige kidogo, pumzi ikikatika apumzike.

Hilda akafanyia mazoezi kando ya ua. Siku ya tatu, mzee Luka, jirani aliyefiwa na mke, akatokea amevaa shati la pasi.

"Mama Joel," akamwita Hilda kwa jina la mwanawe, "nimeona."

"Umeona nini?"

"Midomo."

"Ni mapafu, mzee Luka!"

"Hata mimi ninayo," akajibu kwa upole, akaondoka anatabasamu.

Siku moja kabla ya harusi Hilda alimeza mate machungu, akaenda kwa Restuta.

"Nitaanza mimi. Ukiona nimebana midomo, pokea, na upunguze."

"Na nisipoona?"

"Nitaanguka kama mama mchungaji, na ukoo utakuuliza wewe."

Siku yenyewe ngozi za ngoma zilikazwa kwa kuanikwa juani, moto wa mabua Hilda aliukataza. Wimbo wa kwanza ukapita salama. Wa pili pia. Katika wa tatu kifua kikakaza, Hilda akabana midomo. Restuta, aliyekuwa ameyatoa macho kama anayengoja kuitwa mahakamani, akapokea na kupunguza. Vikongwe waliokuwa wanatafuta pa kujishikiza wakapata pumzi. Mama mchungaji alikuwa bado amesimama! Gladness akapiga kigelegele.

Ila mzee Luka, shati lake la pasi mbele kabisa, alidhani midomo ile ni yake, akaibana ya kwake kujibu. Restuta alipoona ishara mbili akapunguza mara mbili, ngoma ikawa karibu kusinzia.

"Nitazame mimi, si Luka!" akafoka Hilda, na pumzi ya kufoka alikuwa nayo.

Akaketi kwenye kigoda, akaweka kiganja kifuani. Mle ndani bado mlikuwa mnatwangwa uwele uleule. Akapuliza taratibu, akangoja.

"Na wewe," akauambia moyo wake, "mwenzako imemchukua miaka kumi na tisa, lakini leo ametazama."