Gauni Jeupe la Maulidi

Asubuhi ya Maulidi ya madrasa, kijiji kizima cha Kolo kilinukia pilau, na Bi Sikudhani alikuwa nyuma ya nyumba akigombana na mjukuu wake.

"Kaa hapo hapo!"

"Bibi, wenzangu wameshavaa!"

"Wavae. Matumbo yao hayanihusu."

Shamimu, mwenye miaka tisa, alikaa kwenye kigoda kilichotobolewa katikati, ndoo chini yake, amenuna. Alizaliwa na mgongo wazi. Walimfanyia upasuaji akiwa mchanga, akajifunza kutembea kwa magongo, ila haja kubwa hakuihisi, ilijitokea tu. Mwaka uliopita ilimtoka katikati ya Maulidi, wenzake wakaziba pua, naye akaapa hatakaa tena kwenye busati la watu. Bi Sikudhani alilia mpaka akachoka kulia, kisha akampandisha basi wakaenda hospitali Dodoma.

Huko nesi Frida alimfundisha kumwosha mtoto utumbo: maji ya uvuguvugu yenye chumvi ya kupimwa yanaingia taratibu kwa nyuma kupitia mpira laini, mtoto anakaa mpaka tumbo lisafike, basi, mpaka kesho saa ileile.

"Usiruke siku, bibi, na usimharakishe," nesi alisisitiza.

Bi Sikudhani, ambaye hakuwahi kumtii mtu, hata marehemu mumewe, alimtii nesi yule. Mwanzoni ilikuwa vurugu tupu, maji yakimwagika na bibi akifoka. Kisha nguo zikaanza kushinda safi.

Safari hii Shamimu alikubali kusoma mbele ya watu. Mitumba ilikuwa imefurika minadani siku hizo, na bibi, badala ya kuchagua nguo ya rangi inayoficha, akarudi na gauni jeupe lenye marinda matatu. Majirani walisema amerukwa na akili. Bibi mwenyewe aliogopa. Doa moja tu, na mtoto asingetoka tena nyumbani.

Maulidi yakanoga. Shamimu alisoma kifungu chake kwa sauti nyembamba isiyotikisika, akakaa, wengine wakaendelea. Kule nyuma kwa wanawake, Bi Sikudhani hakusikia hata neno. Alikuwa akinusa hewa. Ukafika wakati wa wote kusimama na kumswalia Mtume. Shamimu akashika magongo, akainuka, mgongo umewaelekea wanawake.

Gauni lilikuwa jeupe pepepe.

Ustadhi alikuwa amefumba macho, anavuta pumzi aanze, pote kimya. Bi Sikudhani akapiga kigelegele, kirefu, peke yake. Ustadhi akafumbua macho. Wanawake wakatazamana, wakadhani labda ndivyo inavyotakiwa, nao wakadakia mpaka mabati yakavuma.

Shamimu aligeuka, ametoa macho.

"Bibi!" alinong'ona kwa hasira. "Unaniaibisha mbele ya watu!"

Bi Sikudhani alicheka huku machozi yakimtiririka. Miaka yote hiyo mtoto alikuwa akijionea haya mwenyewe. Leo alikuwa anamwonea haya bibi yake, kama watoto wengine wote. Furaha ikamzidi nguvu, akapiga kingine.