Mtani Aliponyamaza

Marselina alipoacha kumtukana, ndipo Kidawa alipojua kwamba mambo yameharibika.

Tangu alfajiri Mnyamwezi yule alikuwa hajaupumzisha mdomo. Wanafanya kazi ofisi moja pale Kibaha, Kidawa ni Mzaramo wa Masaki, Kisarawe, na utani wa makabila hayo mawili hauna likizo. Ndio uliowapandisha kiherehere mpaka wakaja kwenye mlima huu wa upande wa Morogoro, usio hata na njia. "Nyie wa Kisarawe mlima mnauona kwenye kalenda," Marselina alisema mbele ya ofisi nzima. Kidawa naye, na hasira zake za karibu, akamjibu twende Jumamosi! Na alipoonekana ametia begini doti ya kanga, mpya, haijakatwa, Marselina alicheka hadi akakaa chini. "Umesikia kuna ngoma huko juu, eh?"

Sasa kilele kilikuwa karibu. Kidawa alikuwa ametangulia kulipanda jabali, akafika penye mti mfupi. Marselina alikuwa chini yake, kifua kimegandamana na mwamba, mguu mmoja kwenye ukingo mwembamba. Jiwe alilokanyagia mguu wa pili lilikuwa limeng'oka. Walilisikia likigonga, likigonga, kisha halikusikika tena.

"Marselina?"

"Abee, dada Kidawa." Sauti ya upole, yenye adabu zote. "Ukifika nyumbani, mwambie mama yangu..."

Dada! Miaka yote ya kukaa meza jirani hajawahi kumwita dada. Kidawa akaingiwa na hofu ya kweli, maana huyu mtu alikuwa ameshaaga.

Akaitoa ile doti, akaisokota, akafunga ncha moja kwenye shina, akaivuta kwa nguvu zake zote kuijaribu. Ncha nyingine akaiteremsha mpaka ikamgusa Marselina sikioni. Marselina hakufumbua hata macho.

"Shika kanga. Tafadhali, mwenzangu, shika."

"Siwezi, dada."

Ule mguu mmoja ukaanza kutetemeka. Kubembeleza kulikuwa hakusaidii kitu. Kidawa akapaza sauti.

"We mpagazi! Babu zako walibeba pembe za ndovu kutoka Tabora mpaka pwani, wewe kujibeba mwenyewe kumekushinda? Haya, anguka! Nitakuja msibani kwenu, nile wali wote, nicheze na ngoma juu! Na godoro lako nalichukua!"

Kidawa akadhani amemuua kwa mdomo wake.

Kisha mkono mmoja ukabanduka kwenye mwamba, ukaishika kanga. Wa pili ukafuata. Kanga ikakaza, shina likalia, Kidawa akajikita na kumvuta kwa kola, kwa nywele, kwa chochote alichokipata, mpaka wote wawili wakadondoka chini ya mti.

Walikaa wakihema. Ng'ambo ya mti kulikuwa na mteremko wa majani, wangeweza kushukia huko. Kilele hakuna aliyekitazama.

Marselina akalifungua fundo, akajifunga kanga kiunoni, doti nzima.

"Hii hurudishiwi," akasema, meno yakigongana. "Na godoro langu ukome kulitaja, mla mihogo we!"

Kidawa akafungua mdomo amjibu, akaangua kilio.