Kabla ya Kona ya Mteremko

Ting.

Kitu kidogo cha chuma kilianguka sakafuni gizani, kikabingirika, kikanyamaza. Mama Chiriku alikuwa amebeba ovaroli ya mumewe akailoweke kabla hapajapambazuka, na taa hakuiwasha ili asimwamshe mwenyewe. Akapapasa. Vidole vikakuta pini nyembamba, miguu yake miwili imenyooka kama ndiyo kwanza imetoka dukani.

Mke wa fundi hujua mengi bila kukaa darasani: pini ya kuzuia nati ikishaingia mahali pake hukunjwa miguu. Iliyonyooka haijafanya kazi popote.

"Baba Chiriku, amka. Hii ni ya wapi?"

Fundi alifumbua jicho moja, akaitazama, na usingizi ukamruka wote.

"Ya tairodi. Ile fimbo ya usukani kwenye gari la Babu."

"Si ulimaliza jana?"

"Nilimaliza bushi, zile raba za chini!" Akaketi. "Gari likiwa juu ya jeki nilifunga kila kitu kwa vidole tu. Bushi huzikazi gari linaning'inia, mpira utajipinda upasuke. Unalishusha kwanza, likanyage chini kwa uzito wake, ndipo unakaza. Nikalishusha, nikakaza bushi zote. Mara Babu akaingia ndani, akawasha injini, akaanza kunisifu... Ile nati ya tairodi niliifungua ili nizifikie bushi, sikuirudia."

Nje injini ikanguruma, ikapungua, ikaanza kwenda mbali. Babu alikuwa anamfuata bintiye wa mwisho kwa msusi, harusi ni leo, na pembeni yake amekaa Chiriku, aliyelia jana nzima asiachwe. Simu ya Babu ilikuwa mezani, inachajiwa.

Mama Chiriku alitoka na gauni la kulalia, miguu mitupu.

Gari lilikuwa na umri wa kuwazidi yeye na mumewe wakijumlishwa, na marehemu Bibi alikuwa akiliita mke mwenzake. Liliendeshwa taratibu, hiyo ndiyo ilikuwa bahati. Tena barabara ilizunguka tangi la maji kabla ya kuteremka, wakati ngazi za kati ya nyumba zilishuka moja kwa moja. Akazishuka mbilimbili, akaruka beseni la mtu, akasikia mtu akimtukana, hakugeuka. Kichwani mlikuwa na kitu kimoja tu: ile kona ya chini, na korongo lililo nyuma yake. Dereva akikata usukani pale na usukani usiitike, basi tena.

Akatokea barabarani taa mbili za mviringo zikimjia. Akasimama katikati, mikono juu.

Breki zikalia. Gari likasimama bampa likikaribia kumgusa magoti.

"Mkwe wangu, umepagawa?" Babu alitoa kichwa dirishani. "Na gauni la kulalia! Watu wakikuona watasema nakunyima nguo."

"Baba, zima gari. Nati ya tairodi haijakazwa."

"Nani kasema? Mbona nimefika nalo mpaka hapa salama? Usukani huu nimeushika kabla mumeo hajaota jino."

"Basi nishushie mtoto."

"Unishushie mjukuu njiani kama mimi mlevi?" Sauti ikapanda. "Ondoka mbele yangu. Bibi harusi ananingoja."

Injini ilitetemeka chini ya kiganja chake, maana alikuwa ameshalaza mkono juu ya boneti. Alijua akimvunjia heshima mzee huyu leo, vitakaliwa vikao. Hakuuondoa.

"Baba, tupime tu, kama unavyopima wewe mwenyewe. Mmoja azungushe usukani, mwingine ashike kiungo. Kikiwa kizima, nitakuomba radhi mbele ya wageni wote."

Hilo lilimkuna Babu. Akazima, akavuta hendibreki kwa nguvu za hasira, akashuka. Mama Chiriku akasukumiza mawe mbele ya matairi. Kule juu kwenye ngazi alisikia spana zikigongana mfukoni mwa mumewe anayekimbia.

"Chiriku, kaa kwenye kiti cha Babu," mzee akaamuru. "Zungusha, mama yako aridhike, twende zetu."

Mtoto akahamia nyuma ya usukani, kidevu chake kikiufikia kwa shida. Mama akachuchumaa, akapenyeza mkono nyuma ya gurudumu mpaka vidole vikagusa chuma baridi chenye grisi mpya. Akatafuta nati. Akatafuta tena. Haikuwapo, palikuwa na nyuzi tupu za skrubu.

"Baba..."

"Zungusha, mjukuu wangu! Kaza mikono!"

Chiriku akauma mdomo, akavuta kwa uzito wake wote. Usukani haukutikisika; gari likiwa limesimama, ulikuwa ukiwatoa jasho hata watu wazima. Babu akaanza kutabasamu. Mtoto akavuta tena.

Tak.

Fimbo ilichomoka, ikampiga Mama Chiriku kwenye kifundo cha mkono, ikaning'inia. Babu alikuwa ameinama nusu, mkono mgongoni, akiitazama.

Ndani ya gari Chiriku aliuzungusha usukani kulia kwa mkono mmoja, akaurudisha kushoto kwa kidole.

"Babu," akasema, "usukani umekuwa mwepesi."