Kitanda cha Namba Tano

Mimi Mwamvua sina subira, na sioni haya kulisema. Nyumba hizi serikali imetujengea hapa Kharumwa sisi tuliokuwa hatuna pa kuweka ubavu: vyumba kumi, bomba la maji uani, muuguzi kila Jumatatu. Nilipokabidhiwa ufunguo wa namba nne nililia mpaka kwikwi, nikaingia, nikalala hadi saa sita mchana. Jirani yangu wa namba tano, mzee Masele, yeye alitia ufunguo mfukoni, akatandika gunia barazani.

Siku kumi na tatu! Godoro jipya bado lina nailoni yake, na mzee wa watu analala nje na viatu miguuni.

"Mayu, nimechimba dhahabu miaka thelathini," aliniambia nilipomuuliza, akiniita mama kwa Kisukuma chake. "Kila nilipojenga kibanda walikuja kunifukuza. Cha mwisho kilibomolewa nikiwa ndani nakula. Hiki nacho watakichukua. Bora nisikizoee."

Nilitaka kumcheka, nikashindwa. Hofu hiyo naijua.

Alhamisi mchana akaja Asteria, afisa ustawi wa jamii, binti mpole lakini kwenye kanuni hana mzaha.

"Shikamoo, mzee Masele."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee, kanuni ni wiki mbili. Kesho asubuhi nikikuta kitanda hakijalaliwa, chumba anapewa mwingine. Kuna mama analala chini ya meza za sokoni, anakisubiri."

"Si nilisema?" Masele alinigeukia, nusura afurahi. "Wanakichukua."

Hapo nikapandwa na hasira. Mimi Mzaramo, yeye Msukuma. Sisi ni watani tangu enzi za mababu, na mtani haombi ruhusa. Ufunguo ulikuwa kwenye koti alilolitundika msumarini. Nikauchukua macho yake yakiona, nikafungua namba tano, nikachana nailoni, nikajitupa kitandani chali.

"Asteria, andika jina langu!" nikapiga kelele. "Nimehamia. Kule kwangu nitaweka mkaa."

"Toka!" Masele alifika mlangoni.

"Sitoki. Godoro laini hili, mtani. Wewe endelea na gunia lako."

"Mla nazi wa pwani wewe, toka kitandani kwangu!"

"Kama ni chako, njoo unitoe."

Akaingia. Akanishika mkono aninyanyue, kicheko kikamponyoka, nami nikacheka, na Asteria huko nje akacheka. Kisha mzee akaketi ukingoni mwa kitanda, machozi yakamtoka.

"Wakija je, mtani?"

"Wakija watanikuta mimi kwanza."

Akanipima kwa macho. Nina mwili wa kutosha kuziba mlango, na nadhani aliliona hilo. Akainama, akaanza kufungua kamba za viatu.

Ijumaa saa mbili asubuhi Asteria akagonga namba tano. Ndani kulisikika mkoromo mtupu. Akagonga tena.

"Nani huyo? Watu tumelala!"

Mlango ukafunguliwa. Masele alikuwa na alama ya mkunjo wa shuka shavuni. Alimtazama Asteria, akanitazama mimi niliyekwisha kutanguliza mguu ndani.

"Karibu, mwanangu, upite," akamwambia. "Na wewe Mzaramo, rudi nje. Kuanzia leo hapa kwangu unapiga hodi."

Nikarudi nje. Nikapiga hodi kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni.